Barua ya Mwaliko Si Safari: Mama Akialikwa Mkutano wa Ng'ambo, Tumwandae Hivi



Jina la kwetu limesafiri kuliko sisi wenyewe. Mawe ya uranium yalivumbuliwa Shinkolobwe mwaka 1915. Wakati wa vita vya pili vya dunia yalivukishwa bahari hadi Marekani, na sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika ardhi hii. Mawe hayo hayakuulizwa pasipoti wala viza. Lakini mama wa hapa akitaka kwenda kusema habari za maji yake, shamba lake na afya ya watoto wake, ataulizwa karatasi kila mlango.

Milango yenyewe ipo. Kila Februari watu hukutana Cape Town, Afrika Kusini, kuzungumza habari za madini. Pembeni ya mkutano mkubwa wa makampuni uko mkutano mwingine wa raia, makanisa na vikundi vya jamii zinazoishi karibu na migodi. Kila Machi, mjini New York, Umoja wa Mataifa hufanya mkutano wa hali ya wanawake. Nchi za mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia zimekutana Vienna Juni 2022, kisha New York Novemba 2023 na Machi 2025. Katika mikutano kama hiyo jina la Shinkolobwe hutajwa. Swali ni nani atakayekuwa amekaa pale likitajwa. Kiti cha mama wa hapa kikibaki tupu, atasema mtu mwingine, pengine ambaye hajawahi hata kuteka ndoo moja ya maji ya kwetu.

Tumeona kwamba mara nyingi kiti hakibaki tupu kwa kukosa mwaliko. Hubaki tupu kwa pasipoti iliyokwisha, viza iliyoombwa wiki ya mwisho, au sindano iliyosahauliwa. Ndiyo maana wiki hii tunaandika habari za safari, hatua kwa hatua. Msomeane katika vikundi vyenu, maana mwaliko hauji kwa taarifa.

Kwanza: je, mwaliko ni wa kweli?

Barua nzuri yenye bendera na muhuri si lazima iwe ya kweli. Wezi wamejua kwamba wamama wa vikundi wanatafuta mikutano. Huandika kwamba umechaguliwa, tiketi imelipwa, chakula kimelipwa, kilichobaki ni wewe kutuma dola mia mbili za kushika chumba cha hoteli. Ukituma, unakuwa umelipia chumba ambacho hakipo.

Shikeni kanuni hizi. Umoja wa Mataifa haumtozi mtu hela ili amwalike mkutanoni. Mwaliko wa kweli hutaja jina lako kama lilivyo, siku za mkutano, mahali, na nani analipa nini. Hutaja pia kikundi au shirika unalolijua, ambalo unaweza kulipigia simu kwa namba uliyoipata wewe mwenyewe kwa njia nyingine, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua. Mtu akikuharakisha na kukuambia usimwambie mwingine, hapo pana ubaya. Leta barua kwenye kikao, isomwe mbele ya wote. Macho kumi huona kuliko mawili.

Na jambo hili tunawaambia kama dada kwa dada: pasipoti yako ni ya mkononi mwako. Ofisa wa ubalozi huishika kwa kazi ya viza, na wa mpakani huitazama akakurudishia. Mwenyeji, dereva au mtu wa "shirika" akitaka kukutunzia pasipoti ukiwa ugenini, kataa. Kuna dada zetu wa Afrika walioitwa kwenye semina au kazi, wakajikuta wamefungiwa nyumba ya mtu.

Kupatana nyumbani na kikundini

Kabla ya karatasi za serikali, kuna mapatano ya nyumbani. Wapo wanaodhani hadi leo kwamba mke hawezi kuomba pasipoti bila karatasi ya mume. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 kweli ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria aliyojifunga kuyatimiza mwenyewe. Lakini sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliibadilisha, ikaondoa ruhusa hiyo ya upande mmoja, ikataka mume na mke wapatane. Mtu wa ofisi akikudai karatasi ya mume, mwulize kwa heshima ni sheria gani, na umtajie hiyo ya 2016.

Hata hivyo sheria haipiki bukari wala haiamshi watoto kwenda shule. Kaeni baba na mama, mpange: nani atalala na watoto, nani atapeleka mtoto hospitali akipata homa usiku, hela ya soko iko wapi. Kikundi kisaidie. Mama mmoja achukue zamu ya shamba, mwingine ya genge. Mama anayesafiri huku moyo wake uko nyumbani hasikii lolote mkutanoni.

Kama una mtoto wa kunyonya, uliza mapema kama waandaaji wanakubali uje naye, na nani atalipia mlezi. Mtoto naye anahitaji pasipoti yake na viza yake. Beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ruhusa ya baba iliyotiwa sahihi na muhuri, kwa sababu mipaka mingi humzuia mtoto anayesafiri na mzazi mmoja bila karatasi hiyo. Ikiwa una mimba, mwambie daktari kabla ya kununua tiketi. Kampuni nyingi za ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na kwa kawaida hazimpakii mama aliyepita wiki ya 36.

Na kikundini mpatane habari za hela ya kujikimu ambayo waandaaji humpa mjumbe. Iandikwe kabla hajaondoka: kiasi gani ni cha chakula na usafiri wake, na kama kitabaki, kinakwenda wapi. Tumeona vikundi vilivyodumu miaka vikivunjika kwa dola hamsini ambazo hakuna aliyeziongelea mapema.

Pasipoti: ianze leo

Kadi ya mpiga kura inatosha hapa nyumbani. Ukivuka kwenda kwenye mkutano, haitoshi. Usingoje mwaliko ndipo uanze kutafuta pasipoti. Kila kikundi kiwe na wamama wawili au watatu ambao pasipoti zao ziko tayari, hata kama kikundi kitachanga polepole kuzilipia.

Angalia majina. Kwetu mama mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la ukoo na jina la ndoa, na kila karatasi ikawa imeandikwa kwa namna yake. Herufi moja ikitofautiana kati ya pasipoti, tiketi na kadi ya chanjo, utasimamishwa. Chagua maandishi yaliyo kwenye pasipoti, na mwaliko, tiketi na hoteli vyote vifuate hayo hayo.

Bei ya pasipoti imebadilika mara kadhaa miaka hii. Uliza bei ya sasa ofisini, lipa benki, na utunze risiti. Mtu wa kati anayekuambia "nipe mimi, nitakuletea nyumbani" ukimpa hela, huna pa kumshtaki.

Ukiipata, hesabu tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe bado na miezi sita. Nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen hutaka ibaki na miezi mitatu baada ya siku utakayotoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na iwe na kurasa mbili wazi.

Viza: hesabu kuanzia mwisho

Kwa majirani mambo yamelainika. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na masharti ya kuingia Kenya na Tanzania yamelegezwa kwa Wakongomani. Hata hivyo masharti hubadilika, kwa hiyo uliza tena wiki unayonunua tiketi.

Afrika Kusini, Ulaya na Marekani zinadai viza. Kwa Marekani unaitwa kwa mahojiano ubalozini Kinshasa, na Kinshasa si karibu: ni tiketi ya ndege, siku za kulala na chakula, yote kabla safari yenyewe haijaanza. Waambie waandaaji mapema kwamba kwa mtu wa Likasi viza ni safari mbili, siyo moja, na hela ya ile ya kwanza iwekwe kwenye bajeti. Wengi wa ng'ambo hawajui ukubwa wa nchi yetu. Hawatakukatalia ukiwaeleza, lakini usipoeleza hawatawaza. Uliza pia kwanza kama kuna ofisi Lubumbashi inayopokea maombi ya nchi unayokwenda, usije ukafunga safari ya Kinshasa bure.

Viza ya Schengen, ile ya kwenda Vienna, Geneva au Brussels, inaweza kuombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isizidi siku 15 kabla. Hizo 15 ni mpaka wa mwisho, zisiwe lengo lako. Tangu Juni 2024 mtu mzima hulipa euro 90, na ukikataliwa hazirudi. Hutaka bima ya afya ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Wataandika alama za vidole vyako na kukupiga picha, kwa hiyo lazima uende mwenyewe.

Swali kubwa la ofisa wa viza, hata asipolitamka, ni hili: "Je, huyu mama atarudi?" Basi peleka majibu kwenye karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi ya kiwanja au nyumba, barua ya kazi au ya kikundi, kitabu cha akiba, na barua ya kikundi inayosema kwamba ukirudi utatoa ripoti tarehe fulani. Jibu kwa ufupi na kwa kweli. Kama hujui, sema hujui. Usikubali mtu akutengenezee karatasi ya benki ya uongo. Ikigunduliwa, mlango unaweza kufungwa kwako kwa miaka, na kikundi chote kikatiliwa shaka.

Usisahau nchi ya kupitia. Kama utabadilisha ndege mahali, uliza kama wanadai viza ya kupita, hata kama hutatoka uwanjani.

Kadi ya manjano na dawa

Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ni sawa na pasipoti ya pili kwa mtu wa Kongo. Nchi nyingi haziruhusu mtu wa kwetu aingie bila hiyo. Kadi huanza kufaa siku 10 baada ya sindano, siyo siku ile ile. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za dunia, sindano moja inatosha maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Piga picha ya kadi, lakini beba yenyewe.

Kuna wanaouza kadi bila sindano. Kadi hiyo haimzuii mbu. Mama mwenye mimba, anayenyonyesha mtoto mchanga, au anayetumia dawa za muda mrefu amwambie mganga kabla ya kuchomwa, ashauriwe.

Dawa za presha, sukari au nyingine za kila siku zibebe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari, zitoshe siku zote na wiki moja ya ziada. Na hili likumbukwe sana: ukipata homa ugenini au ndani ya wiki chache za safari, mwambie daktari mara moja kwamba unatoka mahali penye malaria. Daktari wa Vienna au New York haoni malaria kila siku. Asipokuuliza, mwambie wewe.

Mafranga ya njiani

Uliza maswali matatu kwa maandishi: nani analipa tiketi, nani analipa hoteli, na hela ya kujikimu inatolewa siku gani. Mara nyingi hutolewa siku ya pili ya mkutano, na mara nyingine hurudishwa baada ya safari ukionyesha risiti. Kwa hiyo unahitaji hela ya siku mbili za kwanza. Kikundi kinaweza kukopesha, kwa maandishi.

Dola ziwe safi, zisiwe na mchaniko wala maandishi, na ziwe za miaka ya karibuni. Hapa kwetu tunajua noti iliyochanika kidogo inavyokataliwa; huko nje noti za zamani nazo hukataliwa. Beba ndogo ndogo. Noti ya dola moja ambayo sokoni kwetu hawaitaki, Marekani inanunua. Franka za Kongo zibakie nyumbani, isipokuwa za kukurudisha kutoka Lubumbashi. Gawanya hela: nyingine mkobani, nyingine ndani ya nguo. Weka pia kando hela ya Go Pass ya uwanja wa ndege, ukiwa umeuliza bei ya siku hizo.

Kutoka Likasi hadi ndegeni

Likasi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 120. Tunajua barabara hiyo: siku moja unafika baada ya saa mbili, siku nyingine malori ya madini yamefunga njia na jua linazama ukiwa bado unatazama bega la lori. Kama ndege ni ya mchana, lala Lubumbashi usiku wa kabla. Uwe uwanjani Luano saa tatu kabla ya ndege kuruka.

Kutoka Lubumbashi, safari nyingi za nje hupitia Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg. Kama mkutano uko Lusaka, unaweza kupita Kasumbalesa kwa basi, lakini mpaka huo una foleni ndefu. Panga siku nzima ya ziada, usivuke usiku, na usimpe pasipoti kijana anayesema atakusaidia kupiga muhuri haraka.

Saa nazo zina mtego. Sisi wa Katanga tuko sawa na Lusaka, Johannesburg na Cape Town. Tuko saa moja nyuma ya Nairobi na Addis Ababa, na saa moja mbele ya Kinshasa. Tiketi huandika saa ya mahali penyewe. Ukibadilisha ndege, tazama saa ya ukutani, usitazame ya simu ambayo haijabadilika.

Pasipoti, viza, kadi ya manjano, mwaliko, anwani ya hoteli na namba ya mtu atakayekupokea viwe kwenye mfuko mmoja shingoni au mkobani, kwa karatasi. Simu inaweza kuzimika mpakani. Nakala za vyote zibaki kwa katibu wa kikundi.

Mzigo, na kitu kimoja kisichobebwa

Mzigo wa chini mara nyingi ni kilo 23, lakini soma tiketi yako. Katika mkoba wa mkononi, vitu vya majimaji visizidi mililita 100 kila chupa; maziwa ya mtoto huruhusiwa, ukiyaonyesha. Ulaya hawaruhusu mtu wa kutoka nje aingie na nyama wala maziwa na vyakula vyake. Kwa hiyo nyama kavu ya zawadi iliwe hapa hapa.

Baridi tunaijua ya Juni na Julai, lakini New York ya Machi na Vienna ya Desemba ni nyingine. Beba koti, soksi na viatu vya kufunika, kisha vitenge juu ya hayo. Cape Town ya Februari ni joto. Plagi nazo hazifanani: Kenya na Zambia hutumia ya miguu mitatu bapa, Afrika Kusini ya miguu mitatu mikubwa ya duara, Ulaya nyingi miwili ya duara, Marekani miwili bapa.

Sasa kitu kisichobebwa: jiwe. Mama anaweza kuwaza, "Nitawaonyesha lenyewe, waamini." Hapana, wala kipande kidogo kama punje ya hindi. Mawe ya uranium hutoa mionzi, na vumbi lake likivutwa au kumezwa linaumiza mwili, wa mtoto zaidi. Uchimbaji wa mikono Shinkolobwe ulipigwa marufuku Januari 2004, na Julai mwaka ule ule mgodi ulibomoka ukaua watu wanane. Ukikamatwa uwanjani na jiwe hilo, hutasikilizwa kama shahidi. Utahojiwa kama mchuuzi wa magendo, na jina la kikundi litaingia katika kesi. Kama kuna kipande ndani ya nyumba kimewekwa kama ukumbusho, watoto wasikiguse, na mkauliza kwa viongozi wa mtaa na wa afya namna ya kukiondoa.

Badala yake beba picha za kisima, za shamba, za nyumba, na za wamama wenyewe waliokubali kupigwa picha. Beba daftari la kikundi lenye tarehe na mliyoyaona. Usipige picha mahali penye ulinzi, mpakani wala uwanja wa ndege.

Ukiwa mkutanoni

Kabla ya kukubali hoteli, uliza iko mbali kiasi gani na ukumbi. Mwaka 1995, wakati wa mkutano mkubwa wa wanawake wa Beijing, vikundi vya raia viliwekwa Huairou, kama kilomita 50 kutoka mjini ambako wajumbe wa serikali walikutana. Wanawake wengi walitumia siku zao barabarani. Ukiwa mbali na mlango, utafika maneno yakiwa yamekwisha.

Kuhusu lugha: Umoja wa Mataifa una lugha sita rasmi, nazo ni Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo, ingawa Umoja wa Afrika umekikubali kama lugha yake ya kazi tangu 2022. Usiogope. Andika maneno yako kwa Kiswahili chetu kwanza, kwa sababu moyo husema vizuri kwa lugha ya nyumbani. Kisha yaandikwe kwa Kifaransa na mtu mnayemwamini, na uwape wakalimani nakala kabla ya kusema. Soma polepole.

Ukienda Nairobi au Dar es Salaam, utasikilizana nao, lakini si kila neno. Ukisema bukari watakutazama. Wao ni ugali. Sombe Watanzania huita kisamvu, lengalenga ni mchicha, mafranga ni pesa. Wakikuambia "saa tatu asubuhi", wanahesabu kuanzia macheo: ndiyo ile iliyoandikwa 9.00 kwenye ratiba. Kwetu wengi wanahesabu saa kama Wafaransa, na mama anaweza kukosa zamu yake kwa neno hilo moja.

Zamu yenyewe mara nyingi ni dakika tatu. Dakika tatu ni ukurasa mmoja. Kikundi kikae, kichague mambo matatu tu: tunaishi wapi, tunaona nini, tunaomba nini. Mfanyie mama mazoezi kwa kumpimia saa. Asiseme asichokijua. Tukisema kwamba maji yana sumu bila kupimwa, mtu mwenye karatasi za maabara atatuangusha mbele ya wote. Tukisema "tunanywa maji ya kisima hiki, na tunaomba yapimwe na majibu tupewe kwa lugha tunayoielewa", hakuna awezaye kutupinga.

Waandishi watakuja wakisikia unatoka Shinkolobwe. Una haki ya kukataa picha, ya kuuliza itaonyeshwa wapi, na ya kutotaja majina ya watoto au majirani. Andika majina na namba za watu uliokutana nao. Kwa miezi ijayo, karatasi hizo zitakuwa na kazi kuliko mfuko mzuri wa mkutano.

Kurudi

Safari haikwishi Luano. Ndani ya wiki mbili kikao kiitwe, mama asimulie: alisema nini, alijibiwa nini, nani aliahidi nini na lini. Risiti ziwekwe mezani. Zawadi si lazima. Watu wasimwulize mama ameleta nini kabla hawajamwuliza amesikia nini. Na safari ijayo aende mwingine, yule wa kwanza awe mwalimu wake. Kikundi chenye msafiri mmoja wa kila siku hakina mjumbe, kina mwenye safari zake.

Kwa mama asiye na muda wa kurudia yote, haya ndiyo ya kukata na kubandika ukutani:

Sasa hivi: pasipoti na chanjo kwa wamama wawili au watatu wa kikundi.

Miezi mitatu kabla: hakikisha mwaliko, uliza nani analipa nini, anza viza.

Mwezi mmoja kabla: patana habari za watoto na hela, andika maneno ya dakika tatu, fanya mazoezi.

Wiki moja kabla: linganisha majina kwenye karatasi zote, acha nakala kwa katibu, nunua dawa.

Siku moja kabla: lala Lubumbashi, simu ijae moto, jiwe lolote lisiwemo mkobani.

Kuuliza si ujinga. Kikundi chenye mwaliko mkononi na wasiwasi moyoni kilete barua kwenye kikao chetu cha wiki, tuisome pamoja. Safari njema kwa atakayeitwa, na nguvu kwa watakaobaki kumshikia nyumba.